Arobaini ya Chaki

Nilitoka Bukavu kwenda Mwenga kwa sababu ya tumbo la mama yangu. Shofa mmoja wa lori alinifuata nyumbani Cimpunda na ujumbe wa dada yangu Sifa: mama ametapika siku mbili, tumbo limekuwa gumu, na daktari anayepasua kule hayuko. Mnaonijua mnajua kazi yangu ni kuendesha gari la mnunuzi wa kahawa, na mnajua pia kwamba hasira yangu haikai mbali. Patron, yule mnunuzi, alinipa kamionete bila maneno mengi. Nikaweka godoro nyuma, chini ya turubai.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita Nyantende. Jua lilitoka safi, barabara kavu, vumbi tupu. Pale Walungu askari wa barieri aliniita citoyen, yaani raia, mara tatu kabla ya kuinua mti wake, nami nikamjibu citoyen mara tatu huku nikimtukana moyoni.

Baada ya Burhale barabara inaanza kuteremka kuelekea msituni, na hapo ndipo damu ya shofa inapochemka. Kule kuna makantonye, wale wanaotunza barabara kwa jembe na kapu, kila mmoja na kipande chake. Alfajiri kantonye anakitembea kipande chote, halafu anaandika kwa chaki kwenye tablo ya mbao mwendo wa siku ile, kilomita kwa saa. Leo thelathini, kesho kumi na tano, keshokutwa ishirini na tano, na hakuna anayekuambia kwa nini. Unaona barabara ni ileile, kokoto ni zilezile, lakini namba imebadilika. Tumeshagombana nao mpaka mate yamekauka.

Saa tatu nilikuta tablo ya kwanza: thelathini. Sawa. Mbele kidogo, kumi na tano. Nikaanza kunung'unika. Tablo ya tatu ilikuwa imeandikwa tano, na chini yake mstari, maana yake abiria washuke. Mbele yangu lori lilikuwa limesimama, watu wanateremka mmojammoja. Kantonye wa hapo ni Maman Nabintu, mjane aliyechukua kipande cha bwana wake alipofariki. Alikuja dirishani akasema polepole:

"Papa, leo ni tano. Usipige honi. Na mulango, usifunge kwa nguvu."

Nilimwonyesha jua. Nilimwambia mama yangu anakufa Mwenga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ananihurumia, halafu akasema:

"Maji imenyamaza tangu juzi. Mulima hainyamazi bule."

Nikalifuata lile lori. Abiria walitembea nyuma yake, viatu mkononi, bila neno hata moja. Akina mama walikuwa wamewapa watoto ziwa ili wasilie. Nimepita njia ile miaka mingi, na siku zote vijito vinakatiza barabara vikipiga kelele. Siku ile mifereji ilikuwa mikavu, na nilisikia kokoto zikisagika chini ya matairi yangu. Migomba yote ya upande wa juu ilikuwa imeinama kuelekea kwetu. Upande wa chini kulikuwa na nyumba kama kumi, milango wazi, hakuna mtu, hakuna moshi. Kisha nikawaona wenyewe: walikuwa ng'ambo ya bonde, wamekaa kati ya masufuria na mikeka na mbuzi, wote wametazama upande wetu. Hakuna aliyepunga mkono. Nilidhani ni matanga. Na kwa kuwa sipendi kuogopa, nikazidi kukasirika.

Mwisho wa kile kipande kuna tablo nyingine, ya wanaopanda kutoka Mwenga, anayoiandika kantonye wa kipande cha chini. Nayo ilisema tano. Lori lilikuwa limeshaenda, mimi niko peke yangu. Nikafikiri: nikirudi na mama hapa, nitambae tena saa nzima naye akilia nyuma? Nilishuka, nikafuta ile tano kwa kiganja, nikachukua chaki kwenye kopo lililoning'inia pale, nikaandika 40 kubwa. Nilicheka peke yangu. Ninasema kama ilivyokuwa.

Saa sita nilifika Mwenga. Mama alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma ya duka lake dogo, pale anapowauzia wachimba dhahabu ugali na maharage. Alikuwa amekonda usoni, tumbo limesimama. Mfirmie, yule muuguzi, alinivuta pembeni akasema matumbo yamejifunga, apasuliwe leo hii, na kila saa ina maana. Sifa alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kuja nasi. Tulimlaza mama kwenye godoro, nikaacha dirisha la nyuma wazi ili tusikilizane. Sifa alinishika mkono, akaniambia nisisimame popote. Nilimwahidi.

Saa tisa tulifika kwenye tablo yangu. Arobaini yangu ilikuwa palepale. Nikapanda kwa arobaini, moyo mwepesi, nikimwambia mama tutafika mapema. Kwenye kona ya pili nilitazama ng'ambo ya bonde. Hapakuwa na mtu. Nikatazama chini ya barabara: moshi ulikuwa unatoka katika nyumba zote, na nguo zimeanikwa.

Maman Nabintu alikuwa kando ya njia, mkeka kichwani, anacheka. Nikasimama. Aliniambia Mungu ni mwema, mwenzake wa kipande cha chini ameandika arobaini, basi maji yamerudi kwake, na watu wote wameingia nyumbani, hata wagonjwa.

Nikazima injini. Nilisikiliza. Hakuna maji yaliyolia mahali popote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale watu wa chini nao wanasoma tablo. Wanatuma mtu kuitazama kila siku, na kwa ile namba wanaamua kulala ndani au kukimbia mlima usije ukawaangukia.

Nilimwambia ni mimi. Alishusha mkeka taratibu. Hakunitukana. Alisema akienda peke yake hawatamwamini, wamechoka kubeba vitu mara mbili kwa siku moja; wanapaswa kumwona mwenyewe aliyeandika. Nikasema siwezi, nina mgonjwa. Ndipo mama akaongea dirishani, sauti ndogo lakini safi:

"Bisimwa. Kama ni weye uliandika, shuka."

"Mama, saa zinakwisha."

"Nimesikia. Shuka."

Nilishuka. Niliingia nyumba baada ya nyumba nikisema kwa sauti ya chini kwamba ile namba ni ya uongo, ni mkono wangu huu. Baba mmoja alinipiga kofi, nikaenda mlango unaofuata. Bibi mmoja alikataa kutoka mpaka nimbebee vyungu vyake, nikavibeba hadi ng'ambo, nikirudi mbio na kuteleza. Ardhi chini ya miguu ilikuwa laini ilhali mvua haikunyesha. Katika nyumba ya mwisho mlango ulikuwa umebanwa na kizingiti kilichopinda, tukaupasua kwa shoka lililofungwa kitambaa ili lisilie. Nilipofika tena garini ilikuwa saa kumi na moja.

Kutoka pale nilienda kwa tano mpaka juu. Tulipopita Walungu giza lilikuwa limeshaingia. Mama aliniuliza kama wote walitoka. Nikamwambia wote. Akasema vizuri. Kabla ya Mugogo nilimwita, hakuitika. Niliendesha hivyohivyo hadi hospitali, na daktari alisema tungefika mapema angejaribu kumpasua.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani namba ya barabarani inanisumbua mimi tu, kumbe kuna watu wanaoishi chini yake. Kama ningerudishwa siku ile ningeshuka tena, na ningelia tena. Maman Nabintu bado anaandika tano, na yale maji hayajarudi.

Sifa alikuja kwa maziko na mtoto mgongoni. Nilimweleza yote mbele ya ndugu, sikuficha chaki. Aliniuliza jambo moja tu:

"Ule mulima ulianguka?"

Nikamwambia hapana, umesimama. Alimfungua mtoto mgongoni, akaingia ndani kwa wanawake, na tangu siku ile hajaongea na mimi.