Pikipiki Isiyo na Kiti cha Shangazi

Watu wenye akili timamu hununua pikipiki kwa kuuliza inabeba nini. Mimi yangu niliinunua kwa kuuliza haibebi nini.

Nianze na ile ya kwanza, nisije nikaonekana mchoyo bure. Uchoyo wangu una historia. Ilikuwa pikipiki ya kawaida, ya aina ileile wanayoendesha bodaboda nchi nzima, kiti kirefu kama benchi la zahanati na keria ya chuma nyuma. Nilikuwa nimehamia Mkuza, pale Kibaha, ofisi yangu ikiwa Kisarawe, nikaona nimepata usafiri. Ukoo wangu wote, ambao uko Kisarawe tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuweka ofisi pale, nao ukaona umepata usafiri. Tofauti yetu ilikuwa kwenye kununua mafuta.

Nimebeba muhogo. Nimebeba mkaa. Nimebeba mlango wa mninga ambao upepo ulitaka kwenda nao Chalinze. Nimebeba beberu wa hitima aliyekula kola ya shati langu la kazini njia nzima bila haraka, akijua ni mlo wake wa mwisho. Mjomba wangu alikuwa na tabia ya kupiga simu na kusema neno moja tu, "Upo?" Kwa mwenye pikipiki, hilo si swali. Ukimjibu kwamba upo ofisini, anasema, "Sawa, basi ukitoka," na kukata simu, kwa sababu yeye ni muungwana na hapendi kukuchelewesha kazini.

Abiria mmoja tu sikuwahi kumnung'unikia, angalau si kwa sauti. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ana presha, na kila siku yake ya kliniki nilimfuata Kisarawe kumleta hospitali ya Kibaha. Hospitali ya karibu haitaki. Anasema kwenye foleni yake kuna majirani wengi mno, na presha ya mtu ni siri yake. Alikaa upande, mkoba mapajani, mwavuli kwapani, mkono mmoja begani kwangu. Na akishakaa hivyo, ndipo alipozungumza.

Shangazi hapendi kutazamwa akisema jambo zito. Uso kwa uso atakuuliza habari za watoto na bei ya sukari. Jambo lenyewe hulihifadhi mpaka awe nyuma ya mgongo wako, pikipiki ikiwa mwendoni, nawe huna pa kukimbilia. Mkono wa begani hukaza kidogo, kisha unasikia, "Usigeuke. Tazama barabara." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba hatapona. Hivyo ndivyo nilivyojua pia kwamba yule binti niliyetaka kumposa alikuwa ameshaposwa, tena na mtu mwenye gari. Habari zote kubwa za maisha yangu nimezipokea mgongoni, nikiwa gia ya tatu.

Basi, ile pikipiki ilipochoka nikaamua ya pili niichague mimi, kwa ajili yangu. Nikafanya kosa la kulitamka hilo mbele ya watu. Kila mtu akawa mtaalamu. Mjomba akasema nichukue ya miguu mitatu, yenye bodi, "ili tusisumbuke." Jirani yangu wa Mkuza, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akanionya juu ya mafuta. Kijana wa ofisini akanishauri ile ya mwendo kasi, unayoilalia tumbo kama unakandwa mgongo. Nikajiona nimeilalia kwenye matuta ya Kibaha, nikamshukuru. Skuta nayo ilikuwa nzuri, ila magurudumu yake madogo yangezama kwenye shimo la kwanza na mimi nikafuata. Shangazi peke yake hakutoa ushauri. Alisema tu, "Mchagua jembe si mkulima," akaendelea kuchambua mchicha.

Supamoto niliiona kwanza kwenye simu. Kwa asiyeijua, chukua zile pikipiki ndefu walizokuwa wakipewa mabwana shamba kwenda vijijini, ivue matairi yake ya meno makubwamakubwa, ivalishe matairi mapana ya lami. Ndiyo hiyo. Bwana shamba aliyevaa viatu vya harusi. Ni nyepesi, ina usukani mpana, breki ya mbele ya kushtua, na springi ndefu zinazomeza tuta bila kukujulisha. Nikasoma kwamba zilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya njia iliyo nusu lami, nusu vumbi. Nikacheka peke yangu. Kumbe wenzetu wanalipa kiingilio kwenda kutazama njia yangu ya kazini, maana mimi nikishaiacha barabara kuu pale Kiluvya na kukata kwenda Kisarawe, hupata mashindano hayo kila asubuhi, bila kikombe.

Lakini nisidanganye. Kilichonivuta hasa ni kiti. Kilikuwa chembamba kama ubao wa kupigia pasi, kigumu vilevile, na mbali sana kutoka ardhini. Ile niliyoipata Kariakoo, mtumba wa Japani, mwenyewe wa zamani alikuwa ameing'oa keria na vikanyagio vya abiria ili iwe nyepesi. Muuzaji aliniomba radhi kwa hilo. Nilijikaza nisimkumbatie.

Fundi wangu wa Mkuza aliizunguka mara kadhaa, akapiga mluzi.

"Bosi, hii chuma ni ya moto," akasema. "Ila spea zake utaziona ndotoni. Na abiria unamweka wapi?"

"Simweki."

"Nikuchomelee vikanyagio? Kazi ndogo tu."

"Ukivichomelea, nakushtaki."

Akadhani natania.

Siku ya kliniki iliyofuata nikaenda nayo Kisarawe, kwa kiburi kilekile cha mtu aliyevaa suti mpya msibani. Shangazi akatoka na mkoba wake na mwavuli wake. Nikamwamkia, akaitikia. Akaitazama pikipiki. Akaja ubavuni, akatafuta kwa mguu mahali pa kukanyaga, hakupaona. Akapapasa kiti kwa kiganja, kama anayepima godoro dukani. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu springi.

"Hii ni ya kwako," akasema.

"Ni yangu, shangazi, ndiyo. Lakini tunaweza kuja kuangalia—"

"Nimesema ni ya kwako. Ni nzuri. Iendeshe salama." Akafungua mwavuli, akatembea mpaka kijiweni, akapanda bodaboda.

Basi nikawa mtu huru. Mjomba alipiga simu, "Upo?" nikamjibu nipo, tena aje aione. Akaja, akaiona, hakupiga tena. Shangazi zangu wa mbali wakagundua kuwa daladala zipo. Hakuna beberu aliyeonja kola yangu tena. Asubuhi nilipita katikati ya malori pale barabara kuu kama uzi kwenye tundu la sindano, na wanafunzi wa Mkuza wakanipigia makofi. Raha ya kutosumbuliwa haielezeki.

Zilikuwepo gharama ndogondogo, sikatai. Kwenye foleni nilisimama kwa ncha za vidole, mfupi mimi, nikiomba lori lisipige honi. Ile njia ya vumbi ikinyeshewa, matairi ya harusi yalikumbuka kwamba ni ya harusi; nilianguka taratibu kwenye tope mbele ya mama mmoja muuza vitumbua, akanipa pole na akaniuzia vitumbua. Kiti kilinifundisha kwamba makalio yana mifupa. Na tangi lilikuwa dogo kiasi kwamba wauza mafuta wote kati ya Mkuza na Kisarawe walinijua kuliko ndugu zangu.

Ndugu zangu, kwa kweli, sikuwa na habari zao. Lakini si ndicho nilichokitaka?

Nilikuwa kituo cha mafuta cha Kisarawe, kama kawaida yangu, alipoingia yule mwenye boda aliyekuwa akimpeleka shangazi kliniki badala yangu. Ni mtu mzima, amenizidi umri, ana wake wawili na sauti ya upole. Akazima pikipiki, akanipa mkono.

"Kaka, hongera sana."

"Ya nini tena?"

"Si ya shangazi! Tumefurahi wote kijiweni." Akanitazama vizuri. "Ina maana hujaambiwa?"

"Nimeambiwa," nikasema. Siwezi kuumbuka mbele ya pampu.

Akanihadithia nilichokuwa nimeambiwa. Shangazi anaolewa. Bwana ni mgane wa Soga, mstaafu, mpole, ana migomba nyuma ya nyumba na anapenda kutazama treni mpya zikipita. Walikutana kwenye foleni ya presha. Ni penzi lililopimwa kabla halijaanza. Mwenye boda alijua yote, mpaka rangi ya kitenge na aina ya mchele. Alijua kwamba shangazi alikosa usingizi akiogopa watu watamcheka kuolewa uzeeni. Alijua kwamba alilia.

"Alilia lini?"

"Tukiwa njiani. Akaniambia nisigeuke."

Mafuta yalimwagika kidogo juu ya tangi, muuzaji akanisemesha, sikumsikia. Niliona wivu. Mimi, mtu mzima mwenye cheo cha kufunguliwa mlango, nilimwonea wivu bodaboda kwa sababu ya mgongo wake.

Kisha akasema jambo lenyewe, kwa upole uleule. "Na walii ni sheikh wa msikitini, Ijumaa hii baada ya swala. Shangazi amesema wewe una mambo yako, asikusumbue."

Kwa wasiojua, kwetu mwanamke haolewi bila walii wa kumwozesha. Babu hayupo. Baba yangu alikuwa kaka yake wa pekee, naye hayupo. Anayefuata ni mtoto wa kiume wa kaka, na huyo ni mimi peke yangu, sina mwenzangu. Sheikh humwozesha mwanamke ambaye hana mtu, au ambaye mtu wake amekataa au hapatikani. Ijumaa, mbele ya msikiti mzima, shangazi aliyenilea angeozeshwa kama mtu asiye na mtu, na mimi nikiwa nimeketi pale kwenye mkeka, mzima wa afya, kofia yangu ya supamoto pembeni. "Asikusumbue." Nilikuwa nimezunguka Kariakoo nzima kulitafuta neno hilo, na sasa nililipata na lilinichoma.

"Kesho ni kliniki yake?" nikauliza.

"Kesho. Nampeleka mimi."

"Nampeleka mimi. Nipe pikipiki yako, chukua hii."

Akaitazama supamoto, akanitazama mimi, akanipa ufunguo kabla sijabadilisha mawazo.

Asubuhi nilifika kwa shangazi na boda la watu, keria nyuma, kiti kirefu kimepasuka pembeni na kushonwa kwa uzi wa viatu, kofia ya kuazima isiyo na kioo. Nikamwamkia. Akaitikia, akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi.

"Umeshushwa cheo?"

"Nimeshushwa, shangazi. Panda."

Akapanda, akakaa upande, mkoba mapajani, mwavuli kwapani. Mkono haukuja begani, alishika keria. Tukateremka kutoka mjini, tukapita mikorosho, tukapita kile kipande cha vumbi, hakusema kitu zaidi ya kulalamikia jua. Nikaanza kuamini kwamba nimechelewa, kwamba maneno yote yalishakwisha kwenye mgongo wa mtu mwingine. Tukaingia lami. Ndipo mkono ukaja.

"Usigeuke. Tazama barabara."

"Natazama."

"Nataka kuolewa."

"Na nani?" nikauliza, kama mtu aliyezaliwa jana.

Akanisimulia yote, mgane, Soga, migomba, foleni ya presha. Nilishangaa kila mahali palipostahili kushangaa. Kwenye treni nilicheka, na yeye akacheka. Kisha sauti yake ikawa ndogo.

"Sheikh amesema yuko tayari kusimama, kama wewe utakuwa na kazi."

"Mwambie sheikh akae," nikasema. "Wa kusimama yupo."

Nilihisi paji la uso wake likigusa mgongo wangu kati ya mabega, likabaki pale. Hajawahi kufanya hivyo, hata siku aliponiambia habari za baba. Lilipoondoka, akapiga chafya ya uongo na kurekebisha mtandio.

"Na lile lirefu lako," akasema, "likachomelewe vikanyagio. Mume ni mume, sawa, lakini siku akiniudhi nitamsemea kwa nani?"

Nilipunguza mwendo kwa sababu sikuwa naona vizuri.

"Mbona unakwenda polepole?" akauliza.

"Barabara mbaya, shangazi."

Ilikuwa lami tupu mpaka Kibaha, haina hata shimo. Hakubisha.