Bibi na Benchi la Waliotengwa

Nimerudi nyumbani likizo, na nyumbani hakuna mtu. Wewe ungefanyaje? Siku tatu njiani, kutoka shuleni kule mbali kupita machimbo ya Makongolosi mpaka Mbeya, halafu juu ya magunia ya mchele kwenye lori la Rujewa, vumbi mpaka kwenye kope. Huku juu Iringa nikapanda kilima kwa miguu, sanduku kichwani. Nikakuta paa la nyasi limeingia ndani, na jirani amefunga mbuzi pale tulipokuwa tunalala. Basi nimekaa nje kwenye jiwe, nikatoa daftari. Machozi hayaji, naandika.

Nilikulia hapa na bibi. Baba na mama walikwenda kukata mkonge Tanga nikiwa sijaota meno ya pili, wakatuma barua mbili, wakanyamaza. Tulibaki bibi na mimi na ukungu. Mwezi wa sita huku baridi inauma kweli, maji ya mtungi yanakata meno. Bibi aliamka kwanza. Alifukua makaa kwenye majivu, akapuliza mpaka moto ushike, halafu akasema, "Kamwene," vile tunavyomsalimu mtu mzima kwetu. Hakuwa ananisalimu mimi. Alikuwa anamsalimu Mungu, na kumpa habari: leo tunapalilia maharage, mtoto ana kikohozi, mwewe amechukua kuku. Macho hakufumba, aliongea huku anakoroga uji wa ulezi. Kabla ya kula alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Mimi nilikuwa na njaa. Nilichukia sana ule ukimya.

Na huyo ndiye ambaye kanisa lilimkataza meza ya Bwana, mkate na divai. Lazima nieleze. Kwetu mtu akizidiwa na shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima, jioni wanakunywa. Kanisa lilikataza mambo hayo. Mwaka nilioletwa kwake, bibi, mjane, aliita Wakristo wenzake waje kulima kwa chai na viazi. Walikuja watatu, wakalima kipande kidogo, wakaaga mapema. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Bibi akapika pombe, watu wakajaa mteremko mzima, shamba likaisha siku moja. Jumapili mzee wa kanisa akasoma jina lake mbele ya watu. Tangu hapo akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, benchi la waliotengwa. Kurudi ilikuwa rahisi tu: asimame mbele, aseme amekosa na anajuta.

Hakusema. Kila baada ya mavuno mzee wa kanisa alikuja kumbembeleza. Alikuwa mpole, na uji wetu aliupenda.

"Mama, sema neno moja tu. Mungu anakungoja."

"Haningoji, yuko hapa tangu asubuhi," bibi akamjibu. "Nikisema najuta namdanganya. Huyu mtoto angekula nini?"

"Una kichwa kigumu wewe. Marehemu mume wako alikuwa laini."

"Ndiyo maana yeye ni marehemu."

Mzee akacheka, akasogeza bakuli aongezwe.

Mimi sikucheka. Shule ya hapa kijijini waliniita mjukuu wa pombe. Na kipaimara changu kilikuwa kinakaribia, nilitaka siku hiyo tupige magoti pamoja, yeye na mimi, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine. Nilimwomba, nikanuna, nikakataa kula. Akasema tu kwamba atakuja na ataniona.

Siku yenyewe nilivaa gauni jeupe la kitambaa cha dukani kwa Mhindi, nikapiga magoti na wenzangu, kila mmoja na mama yake kando. Mchungaji akaniwekea mkate kiganjani. Nikageuka. Waliotengwa wengine walikuwa wameshatubu na kurudi mmoja mmoja, na bibi amekaa peke yake benchi zima. Nikafumba kiganja. Divai nikanywa, mkate sikula. Niliubeba mpaka nyumbani, umelowa jasho, na jikoni nikamfungulia mkono nikidhani atafurahi.

Akaniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna.

"Huo ni wako," akasema. "Mimi walininyima mbele ya watu. Siwezi kuula jikoni kwa kujificha kama panya. Siku wakinipa, wanipe mbele ya watu. Wewe kula. Nitakaa na wewe."

Akakaa, akanyamaza vile vile anavyonyamaza mbele ya uji kila siku. Nikala huku nalia. Na hapo ndipo nikajua ule ukimya ulikuwa ibada, na kwamba kuna aliyekuwa anaingia jikoni mwetu kila asubuhi wakati mimi natafuta kijiko.

Bibi alikufa mwaka jana nikiwa shuleni. Barua ilinifikia ameshazikwa. Jirani ameniambia leo kwamba kengele haikupigwa na mchungaji hakuja, ndivyo wanavyozikwa waliotengwa. Mzee wa kanisa alikuja peke yake, bila kitabu, akashika jembe, akachimba kaburi pamoja na walevi.

Nikateremka kwake mbio. Njiani nimeona watu wanalima kwa plau na ng'ombe, hata ule mteremko wetu. Hakuna tena anayeita watu shambani, si kwa pombe wala kwa chai. Kosa lenyewe limeisha, na bibi hayupo.

Nilimkuta mzee anaota jua ukutani. Sikumsalimu hata vizuri, nikamwuliza kama bibi alisema neno.

"Hakusema. Siku tatu kabla ya kufa nilimwuliza tena. Akaniambia nikae, uji unapoa. Nikakaa." Akafuta pua kwa kiganja. "Kila nikila kwake wewe ukiwa shule, mwanangu, nilijua tuko watatu. Mchungaji sijamwambia."

Nimepanda tena mpaka hapa. Shuleni tunapokea mkate kila mwezi, tunapanga mstari, tunarudi kukaa, na mimi kichwa changu kiko kwenye mtihani. Sasa nimefunga daftari mara mbili, nikalifungua. Jirani amefungua mbuzi wake, ameondoka. Nimejaribu kunyamaza, nasikiliza kama kuna mwingine.