Vidonda vya Tumbo Nilivyomfungashia Mpwa Wangu

Nina vidonda vya tumbo kwa mwaka wa ishirini sasa, na tumbo langu ni zima kuliko la ndama. Nakula maharage, nakula pilipili, nakunywa chai ya rangi kabla sijanawa uso. Vidonda vyangu huuma sehemu moja tu: mbele ya chungu cha pombe ya jirani.

Hapa Malangali Waislamu ni nyumba za kuhesabu. Tumekaa katikati ya Wafipa Wakatoliki kama vifungo vyeupe kwenye koti jeusi, na tunaishi vizuri tu. Krismasi ikikaribia wananiita niwachinjie kuku na mbuzi ili wote tule sufuria moja. Idi wanafika kwangu wameshavaa, mimi bado natafuta kofia. Shida ni kinywaji. Mavuno yakiisha, pombe ya ulezi inapikwa, na mtu akikunyooshea kikombe, kumwambia "dini yangu hairuhusu" ni kama kumwambia kwamba yeye na babu zake wote wamekuwa wakinywa uchafu. Kwa hiyo marehemu baba yangu alikuwa na ini, baba mdogo alikuwa na presha, na mimi nikachukua tumbo. Unasema, "Ningekunywa, mama, ila daktari kanikataza," unashika tumbo kidogo, mwenyeji anakupa pole, unaletewa togwa ambayo haijachacha, na mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia. Niliamini kila mtu anajua kwamba hiyo ni adabu na si ugonjwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na tangu hapo nimekaa barazani kwangu nikishona sare za shule. Safari yangu ya mbali kuliko zote ni Mbeya, na nilirudi siku ya pili kwa sababu mto wa kulalia haukuwa wangu. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa akitoa ushauri kuhusu Ulaya.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Milepa, alikaa kwetu tangu alipoanza kidato cha kwanza. Tulimlea kama wa kwetu. Yeye alikuwa na akili za kutosha mpaka akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wiki ya kuondoka, begi lake likiwa wazi sebuleni, alikuja kusimama kando ya cherehani nilipokuwa namkunjia pindo la koti.

"Mjomba, nasikia huko kila sahani ina nguruwe. Wakinipakulia nitasemaje?"

Sikuinua hata mguu kwenye pedeli. "Sema una vidonda vya tumbo."

"Si ni uongo huo?"

"Ni ustaarabu. Mgeni haanzi kwa kuwahutubia watu mezani kwao. Wakikujua vizuri, mambo mengine yatajipanga yenyewe."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. "Mtu hajavuka mpaka wa Tunduma," alisema, "anamfundisha mwenzake kukaa Ulaya."

Tukacheka wote watatu. Mpwa wangu akacheka, na akanisikiliza. Sijui kwa nini alinisikiliza. Ningekuwa yeye ningemsikiliza mchambua mchele.

Siku ya kwanza kazini walikula pamoja na wazee, na ilikuwa soseji. Akashika tumbo kama nilivyomfundisha. Msimamizi wake, mama mmoja mtu mzima, hakusema pole na kuendelea na mazungumzo. Alitoa karatasi. Aliuliza vilianza lini, anatumia dawa gani, vinauma kabla ya kula au baada. Akaandika yote kwenye faili, kisha akaenda jikoni mwenyewe kuagiza kwamba binti huyu apikiwe chakula laini. Tangu siku hiyo wenzake wakila viazi vya kukaanga, mpwa wangu alikuwa analetewa uji mweupe usio na chumvi, ule wanaopewa wazee wasio na meno.

Aliponisimulia kwenye simu nilicheka mpaka nikashona kidole. "Sasa umepata mama wa pili," nikamwambia.

"Mama wa pili ananiuliza kila asubuhi nimepata choo namna gani, mjomba."

Alikuwa na mwenzake wa rika lake darasani, msichana wa Kituruki aliyezaliwa hukohuko, anayevaa hijabu yake na kufanya kazi kama kawaida. Huyo ndiye alimwambia mapema kabisa, "Waambie tu wewe ni Mwislamu. Watakuuliza maswali matatu ya kijinga, kisha watakuletea jibini." Mpwa wangu akaniuliza mimi: nimwambie msimamizi? Nikamjibu kwamba yule Mturuki kwao ni pale, wewe ni mgeni, usijifananishe. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezunguka dunia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimwona peke yake kwenye meza ndefu ya watu wasiomjua, akitamka jina la dini yake, na vijiko vyote vikisimama. Picha hiyo niliitengeneza mwenyewe hapa barazani, na nikaanza kuiogopa kana kwamba nimeiona.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Akafunga. Uji wake mchana ukawa unarudi jikoni ulivyo. Msimamizi akauliza, na mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya tofali langu moja, akasema vidonda vimeamka, hawezi kumeza kitu mchana. Yule mama akashtuka. Kesho yake alikuwa ameshampangia miadi hospitali, daktari bingwa, kipimo cha kuingiza kamera tumboni.

Akanipigia siku hiyohiyo mchana, akiwa amejifungia kwenye chumba cha mashuka, alimokuwa akiswali kwa kujificha. Alikuwa ndani ya miezi sita ya majaribio. Likionekana tatizo lolote kubwa, wanamrudisha nyumbani.

"Mjomba, nifanye nini?"

Hapa ndipo aibu yangu ilipolala mpaka leo. Kosa la kwanza lilikuwa la kijinga, linasameheka. La pili nililifanya nikijua. Nikasema, "Nenda kapimwe. Wasipoviona, sema vimepona."

Akasema, "Sawa, mjomba," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asimwamshe aliyelala.

Hakwenda kupimwa. Alitoka chumba cha mashuka akaenda moja kwa moja ofisini, akasema yote: hana vidonda, hajawahi kuwa navyo, yeye ni Mwislamu, hali nguruwe, na mwezi huu anafunga. Alinisimulia baada ya siku tatu. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kwamba walimtukania dini, nikawa hata nimepanga maneno ya kumfariji. Hawakumtukana.

"Alishangaa tu," alisema. "Akaniuliza, kwa hiyo miezi minne umekula uji wangu bure? Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka."

Alichosema baada ya hapo nimekikariri bila kupenda. Yule mama alimwambia: kila siku unawapa wazee dawa, unaweka sahihi kwamba huyu kameza, huyu hajameza. Mimi naamini sahihi yako, na watoto wa wazee hawa, walioko mbali, wanaamini sahihi yako. Ulinidanganya juu ya tumbo lako miezi minne ukinitazama usoni. Sasa niambie nikiona sahihi yako niamini nini.

Nilitaka kumwambia mpwa wangu kwamba vitu hivyo viwili havihusiani, kwamba huku kwetu mtu anaweza kuwa na vidonda vya heshima na bado akawa mkweli kwenye dawa. Sikuweza. Nilipoliweka jambo lenyewe jinsi yule mama alivyoliweka, lilikuwa limenyooka.

"Na mwenyewe hana dini, mjomba," mpwa wangu aliongeza. "Kanisani haendi, Mungu anasema hamjui. Lakini uongo hata ule mdogo wa adabu hasemi. Mzee akimuuliza kama atapona, anamwambia hapana."

Hawakumrudisha. Walimwongezea miezi mitatu ya majaribio, na wakamwondolea ruhusa ya kugawa dawa peke yake. Kila anapoweka sahihi, mtu mwingine anahesabu vidonge upya na kusaini pembeni. Mara nyingi anayesaini ni yule Mturuki. Chumba cha mashuka wamempa rasmi aswalie humo, msimamizi mwenyewe kabandika karatasi mlangoni watu wabishe hodi kwanza. Na jikoni wanamletea jibini. Yaani yote aliyoyahitaji yalikuwepo tangu siku ya soseji.

Bado ananipigia Jumapili. Ananisimulia, anatania, anamuuliza mke wangu habari za mchele. Lakini ile "mjomba, nifanye nini?" sijaisikia tena. Siku moja kabla ya kukata simu aliniuliza, "Na wewe vidonda vinaendeleaje?"

"Vipo tu," nikasema, nikidhani tunacheka.

"Mimi vyangu nimeshavitangaza. Vyako vinangoja nini?"

Sauti yake haikuwa na kicheko.

Mavuno ya mwaka huu, mama mzazi wa jirani yangu, bibi wa Kifipa anayetembelea fimbo, aliniita kama kawaida. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa. Kikombe kikaja. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, nikajua nikirudi nyumbani bila kusema ukweli nitasimangwa.

"Mama," nikasema, "sinywi kwa sababu ya dini yangu. Tumbo langu ni zima."

"Limepona?"

"Halijawahi kuumwa, mama."

Watoto wake, ambao siku zote walijua, walitazama chini wakibana midomo. Lakini bibi aliweka kikombe chini polepole. "Fundi," akasema, "mimi nimekusalia rozari. Kila Ijumaa, miaka yote hii. Mama zako wa jumuiya nao nimewaomba wakusalie. Rozari zangu zimekwenda wapi?"

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Ulaya ndiko wasikojua utani wetu. Huyu hapa, ukuta mmoja na mimi, alikuwa akipiga magoti kwa ajili ya tumbo langu zima.

Hakunifukuza. Togwa aliniletea, tena kikombe kikubwa. Lakini tangu siku hiyo haniamini kitu. Nikisema mvua imenyesha upande wa Kaengesa, anamgeukia mke wangu: "Ni kweli?" Nikisema nimeshakula, "Ni kweli?" Mke wangu amekuwa msaini wangu wa pembeni, na kazi anaifurahia.

Juzi alileta kitambaa cha gauni la kuvaa kwenye ubatizo wa kitukuu chake. Nikampima, nikasema, kama mafundi wote wanavyosema, "Njoo Ijumaa."

Akamtazama mke wangu. "Ni kweli, Ijumaa?"

Mke wangu alilitazama rundo la sare zisizoshonwa nyuma yangu. "Sijui, mama," akasema.

Kesho yake nilishona kuanzia asubuhi, nikaacha sare za watu. Alhamisi saa nne asubuhi nilimpelekea mwenyewe, limepigwa pasi. Bibi hakusema asante. Alilipindua ndani nje, akalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaanza kukagua mshono mmoja mmoja kwa kidole, na mimi nikasimama pale nikingoja amalize.