Moto Uliosubiri Picha

Nyumba ya Kapiteni ilinuka dawa ya kusafishia picha, kali kama siki, na upepo ukivuma tuliinusa hata shambani kwetu, ng'ambo ya kijito. Alikuwa Mbelgiji mstaafu wa jeshi. Alipomaliza utumishi alipewa ardhi karibu na kijiji cha Wamaza, akajiita mkulima, ingawa sikumwona hata siku moja akishika jembe. Alikuwa na kamera tatu na kitabu cha kilimo kilichoandikwa Ulaya. Mwezi huu yuko Nyangwe anapiga picha mitumbwi, mwezi ujao yuko Kasongo, kisha anarudi kutufundisha kazi ambayo bibi zetu waliijua kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka huo mimi, Zaituni, nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa amekata miti na kufyeka msitu kwa ajili ya mpunga wa Mama. Kwetu miti iliyokatwa huachwa ikauke wiki kadhaa, halafu huchomwa jua likiwa kali, kabla ya mvua ya kwanza. Ukiikosa siku hiyo umekosa mpunga wa mwaka mzima. Hata sisi watoto tulilijua hilo. Kapiteni hakulijua. Alisimama kando ya shamba, akayatazama matawi makavu kama mtu aliyeandaliwa chakula, akaamuru tusiwashe moto mpaka arudi kutoka Nyangwe. Filamu zilikuwa zimemwishia, na moto ule aliutaka kwenye picha.

"Bwana Kapiteni, mvua iko karibu," Baba alimwambia, kofia mkononi.

"Siku ine tu. Mimi najua mvua. Nilikuwa mu jeshi."

Mama alingoja aondoke. "Mu jeshi alipigana na nani? Na mawingu?"

"Nyamaza, Mama Zaituni. Akituma polisi, fimbo itakuwa ku mugongo yangu, hapana ku yako."

Siku nne zilipita, kisha tano, kisha sita. Siku ya saba Mama alichukua kijinga cha moto jikoni, akaelekea shambani. Baba alimkimbilia, akamnyang'anya, akakizima kwa mguu kwenye mchanga. Kesho yake mchana mvua ikanyesha mpaka magogo yakaelea.

Kapiteni alirudi na filamu zake majani mabichi yakiwa yameanza kuchipua kati ya matawi. Akaamuru tuwashe hivyohivyo. Ulitoka moshi mzito, moto ukafa. Alimpiga picha Baba akiwa amesimama kando ya moshi ule, kisha akamweleza chifu wetu, kwa uso mkavu, kwamba watu wa huku ni wavivu, hata siku ya kuchoma shamba hawaijui. Mwaka ule tulikula mihogo ya kupewa na shangazi yangu wa Kabambare, naye hakuacha kutukumbusha.

Siku hizi wajukuu wangu huniambia kwamba wazungu kama yule walituhifadhia historia kwa picha zao. Mimi huchoma shamba langu siku ninayoiona inafaa, wala simwombi mtu ruhusa. Lakini Mama alikufa bado akimlaumu Baba kwa kile kijinga alichokizima. Jina la Kapiteni hakulitaja. Kapiteni yule alikula, akasafiri, akapiga picha zake, na hata lawama yake aliwaachia watu wa nyumba yetu waibebe.