Tairi Mbili za Nyuma

Mume wangu alifariki tarehe 19 Oktoba 2006. Aliniachia nyumba karibu na Kianjai, kahawa kidogo, na gari la kijani la magurudumu manne yanayovuta yote, ambalo kwa miaka mingi lilishusha viazi vya watu kutoka milimani. Majirani walidhani nitaliuza. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, na kuendesha gari nikiwa na arobaini na sita. Sikuona kwa nini kufiwa kunirudishe kwenye kutembea kwa miguu.

Jumatano, tarehe 14 Machi 2007, nililipeleka kwa fundi wa tairi mjini Meru. Binti yetu, aliyeolewa upande wa Manyatta, Embu, alitarajia kujifungua katikati ya Aprili, mvua ikiwa imekolea, nami nilikuwa nimemwahidi kufika. Tairi za mbele zilikuwa vipara. Za nyuma zilikuwa bado na meno marefu ya kukanyagia matope.

"Nifungie mbili mpya mbele," nilimwambia fundi. "Za nyuma ziache."

"Mzee ndiye amesema hivyo, mama?"

"Mzee tulimzika. Nimesema mimi."

Alivua kofia, akanipa pole, kisha akanikatalia kwa heshima. Gari la namna hii, alisema, halitaki tairi zisizolingana. Za mbele zikizunguka tofauti na za nyuma, gia huumia.

Dereva mmoja wa miraa kutoka Maua, aliyekuwa akingoja azibiwe pancha, aliingilia. "Mfungie mama mbili, bwana. Hizo zingine Mungu atashikilia."

"Mungu ameshikilia roho yako wewe unayekimbia kama umeiba," fundi alimjibu. "Giaboksi hajaahidi kuishikilia."

Hata mimi nilicheka. Nikasema basi, anipe mbili za mbele zinazofanana kabisa na zile za nyuma.

"Ninazo. Lakini unaenda nazo wapi?"

"Embu."

"Huko ni lami na kona, mama, tangu hapa mpaka Chuka na kuendelea. Meno haya ni ya mtu anayeshinda kwa matope. Lami ikilowa yanateleza. Wewe unataka za hali zote, zinazokubali lami, vumbi na tope la kiasi. Na ziwe nne."

Niliketi kwenye benchi lake. Nadhani aliamini napiga hesabu. Sikuwa na shida hiyo. Kahawa ilikuwa imelipa.

Zile tairi za nyuma zilinunuliwa hapo hapo kwa fundi huyo tarehe 6 Septemba, siku arobaini na tatu kabla ya kifo chake. Mimi nilikuwa garini nikisoma gazeti. Mume wangu alikuja dirishani, mikono imejaa weusi wa mpira, akaniambia, "Shuka unisaidie kuchagua." Nilimjibu bila kuinua macho kwamba hayo si mambo yangu. Ukweli ni kwamba wanaume walikuwa wamesimama pale, nami nilitaka wamwone mwanamke anayesoma. Alingoja kidogo, akarudi peke yake. Tarehe 2 Oktoba ugonjwa ulimlaza, na hakuniomba tena tuchague kitu. Nilizing'ang'ania tairi hizo kwa sababu alizichagua peke yake, na nilijidanganya kwamba nikizidi kuzitumia nitakuwa nimeshuka garini siku ile.

Mwishowe niliinuka. "Nionyeshe hizo za hali zote."

Alizipanga ukutani. Akanionyesha ubavuni tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, nami nikainama kusoma moja baada ya nyingine.

"Hii ni ya mwaka 2003," nilisema. "Niletee nyingine."

"Leo umepata afisa wa forodha," dereva wa miraa alimwambia. Fundi hakubisha, aliingia stoo akatoka na iliyo changa. Nikachagua nne za umri mmoja.

Za zamani ziliposhushwa, dereva aligusa zile mbili za nyuma. "Hizi unauza, mama?"

"Siuzi."

Alirudi nyuma. Nilimuuliza yeye hupita wapi.

"Kabla ya lami kuna mashamba. Juu kabisa, mahali gari hulia kwenye tope."

"Basi zichukue."

"Bure?"

"Zichukue. Lakini usizifunge nikiwa hapa."

Tarehe 17 Aprili, saa tatu asubuhi, mkwe wangu alipiga simu kwamba uchungu umeanza. Mvua ilinipokea kabla ya Chuka na haikuniacha mpaka Embu. Nilifika hospitalini saa saba na dakika ishirini, na mjukuu wangu alizaliwa saa kumi kasoro robo, nikiwa nimemshika binti yangu mkono.

Alipopumzika aliniuliza barabara ilikuwaje.

"Nzuri," nilisema.

"Baba angekuwa sasa anatusimulia kila kona."

Nilitaka nimsimulie mimi, badala ya baba yake. Niliirudia safari yote kichwani, mteremko kwa mteremko, nikitafuta pa kuanzia. Gari halikuwa limeteleza hata mara moja; hapakuwa na kona ya kusimulia. Nilimfunika blanketi vizuri.