Samaki wa Jicho Jeupe

Bwawa lile lilinuka petroli na matope yaliyolala chini ya barafu majira yote ya baridi. Harufu hiyo ndiyo iliyonijulisha kwamba mji wetu wa Columbus, Marekani, umeanza kupata joto, kabla hata jani moja halijachipua. Halikuwa bwawa la asili. Lilichimbwa upande wa kuelekea Hilliard, nyuma ya maghorofa tuliyokaa, ili lipokee maji ya mvua kutoka barabarani. Bomba kubwa la saruji liliingia majini upande mmoja, na asubuhi zenye ukungu lilitoa sauti kama ya mtu mzima anayekohoa chumba cha pili. Ndege hawakulia pale. Ungesimama ukingoni ukasikia magari yakipita juu ya barabara, lakini usiyaone, na maji mbele yako yametulia kama kitu kinachosikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani tulikuwa watu wawili, Mama na mimi, lakini vitanda vilikuwa vitatu. Kitanda cha tatu kilikuwa cha kaka yangu Bahati, ambaye hakuwahi kukilalia. Tulipokimbia vita kule kwetu Fizi, yeye akiwa na miaka sita na mimi mitatu, mkono wake ulichomoka kwenye mkono wa Mama katikati ya umati, na tangu siku ile hakuna aliyemwona. Tuliishi kambini Tanzania miaka saba tukimwulizia. Tulipoletwa Marekani, Mama aliwaomba watu wa shirika lililotupokea kitanda kimoja zaidi, nao wakakileta bila kuuliza. Kiliwekwa chumbani kwangu.

Mama alifanya kazi ya usiku ghalani, akifunga maboksi. Kila usiku wa zamu yake, Dada Neema, mwanafunzi Mtanzania wa ghorofa ya chini, alikuja kulala kwetu. Mama alirudi saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuvua viatu aliingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda cha Bahati, akakung'uta mto, akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo hata mmoja. Kisha alinong'ona. Nilifumba macho nikijifanya nimelala, na nywele zikinisimama, kwa sababu kila alipomaliza sentensi alinyamaza kidogo, kama mtu anayepisha jibu. Alipokwenda kulala, nilitoka. Watu wakiniuliza nilianzaje uvuvi, huwajibu kwamba nilipenda samaki. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia chumba.

Aliyenifundisha ni Dada Neema. Alizaliwa Mwanza, lakini kuvua kwa fimbo alijifunzia kwenye video za simu, na alipenda samaki mmoja tu, yule wa kijani mwenye kinywa kikubwa ambaye Wamarekani humwita bass. Mwanzoni nilikuwa hovyo. Nilirusha mshipi ukanasa kwenye majani, nikavuta kwa pupa, nikawatisha samaki kwa kelele za miguu kabla hata chambo hakijalowa. "Mdogo wangu, haraka haraka haina baraka," aliniambia. "Acha mnyoo ulale chini. Uhesabu hadi kumi. Mshipi ukienda pembeni wenyewe, hapo ndipo uvute." Ulikuwa mnyoo wa plastiki, mweusi, laini kama sikio. Nilijifunza kuushika mshipi kwa ncha ya kidole hadi nikaweza kutofautisha jiwe, jani na pumzi ya samaki. Mwisho wa Aprili nilikuwa nampata mmoja kila asubuhi, na wote niliwarudisha, maana hakuna kilichotoka katika maji yale kilichofaa kuliwa.

Maji yalipopata joto, samaki walisogea kwenye kina kifupi kutaga. Dada Neema alinionyesha kiota cha kwanza, mviringo mweupe wa changarawe, mpana kama ungo, uliofagiwa kwa mkia. Jike hutaga akaenda zake, alisema Dada Neema, dume ndilo hubaki kulinda. Dume la kiota kile lilikuwa kubwa, na jicho lake moja lilikuwa jeupe kama maziwa. Nilidondosha mnyoo juu ya mayai, nalo likauchukua papo hapo. Kesho yake nikalipata tena. Na kesho kutwa. Halikuwa na njaa. Lilikuwa linaondoa kitu kibaya kitandani kwa watoto wake, lakini wakati ule niliita jambo hilo ustadi. Nilijivuna. Asubuhi moja, nikiwa nimelishika mkononi nikilitazama jicho lile ambalo halikunitazama, nilisikia maji yakichemka nyuma yangu. Samaki wadogo walikuwa wamejaa kwenye kiota, wakila. Nililirudisha haraka, likawatimua wote, lakini changarawe ilikuwa imebaki tupu.

Sikuvua tena kiota kile, ila nilikwenda kutazama. Siku ya kwanza dume lilikuwa pale, likizunguka. Siku ya pili, vilevile. Siku ya nne lilikuwa limekonda, mkia umechubuka, na bado lilipepea mapezi juu ya mahali pasipo na kitu, likimfukuza kila aliyekaribia. Nilianza kuogopa kwenda, na nikaogopa zaidi kutokwenda.

Siku ya tano nilihisi mtu nyuma yangu. Alikuwa Mama, bado na fulana ya kazi, amesimama kwenye ukungu. Nilingoja makofi. Hakunitazama, alitazama maji.

"Bon, hii samaki inafanya nini?" aliuliza kwa Kiswahili chetu cha Fizi, kilichochanganyika na Kifaransa.

Kwa kawaida nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu. Siku ile Kiswahili kilikuja chenyewe. "Inalinda mayai yake, Mama."

"Mayai iko wapi?"

"Yaliliwa. Ni mimi niliyeitoa samaki kwenye kiota."

Bomba lilikohoa. "Donc, haijui," alisema Mama.

Akavua viatu. Yeye ambaye hakukubali hata nikaribie ukingo aliingia majini na suruali yake hadi magotini. Samaki hakukimbia. Alimrukia, akampiga kwenye kifundo cha mguu, akarudi, akampiga tena. Mama alimwacha ampige. Aliinama na kusema naye kwa sauti ileile ya alfajiri, lakini safari hii nilisikia maneno: "Baba, ulilinda vizuri. Hapa hakuna kitu tena. Wende." Kisha kwa unyayo wake akaifukia ile changarawe nyeupe kwa matope, taratibu, hadi mviringo ukatoweka. Dume lilizunguka mara mbili, jicho jeupe likatupitia, likazama upande wa kina kirefu. Mama alitoka majini akitetemeka, akanishika mkono, tukapanda nyumbani.

Waswahili husema uchungu wa mwana aujua mzazi. Jumamosi iliyofuata wanawake wa kanisani kwetu walikuja, wakaketi chini sebuleni, wakaimba, na Mama akamlilia Bahati kwa jina lake. Yalikuwa matanga yake, miaka minane baada ya kupotea. Kitanda tulimpa mama mmoja aliyefika wiki ile na watoto wanne.

Sasa naishi Buffalo, karibu na mtaa wa Bailey, na nimekuwa mvuvi kweli. Nina fimbo tatu na kipimajoto cha maji, na wenzangu kazini huniuliza chambo gani kinafaa wiki hii. Wananicheka kwamba wakati samaki wanapotaga, ambapo hata mtoto anaweza kumpata mkubwa, mimi hubaki nyumbani hadi wamalize. Sijawaeleza. Lakini juzi mmoja wao aliniuliza kama nina ndugu. Nilipokuwa shuleni swali hilo lilinikwamisha, maana sikujua niseme ninaye au nilikuwa naye, na mwalimu alidhani sijui lugha. Juzi nilimjibu mwenzangu pale pale, nikiendelea kufunga ndoano: nilikuwa na kaka, jina lake Bahati, na mama yetu alimtafuta sana.