Mtaro Uliopita Nyuma ya Jikoni

Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaro kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Nilifundisha darasa la tatu katika shule ya karibu na soko letu, si mbali na Kathonzweni, na mwanzoni mwa miaka ya themanini kila kamati ilipohitaji mtu wa kushika kalamu, macho yote yalinigeukia. Wanaume walikuwa wenyeviti. Mimi niliandika.

Mtaro ulikuwa jambo jema, mtu asinielewe vibaya. Kila mvua za Novemba ziliponyesha, maji yalishuka kutoka barabarani, yakapita sokoni, yakazoa taka za kichinjio na vyoo vya hoteli, yakaishia kwenye kisima cha bondeni tulichochota sote. Watoto wakahara. Wangu, mvulana wa miezi minane, alihara siku tatu na ya nne akafa. Mama mkwe wangu na wanawake wawili wa kanisani walimzika nyuma ya jikoni, kando ya ua wa minyaa. Hakukuwa na mahubiri wala msalaba. Nyumbani kwetu mtoto wa umri ule alizikwa hivyo, kimyakimya, na mama yake akaambiwa atapata mwingine. Baba yake alikuwa kazini Makindu. Alifika Jumamosi, akala, akalala, akarudi Jumapili. Simlaumu. Hata mimi Jumatatu nilikuwa ubaoni nikifundisha hesabu za kutoa.

Mwaka wa pili baada ya hapo, kaunsil ilituletea afisa wa mipango, kijana mpole mwenye ramani ndani ya mfuko wa plastiki. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka: wakazi wachimbe mtaro wa kuyapeleka maji ya soko mbali na kisima, kaunsil ilete saruji, mawe na fundi. Diwani alisema penye wengi hapaharibiki neno, watu wakapiga makofi. Kuchimba hakukututisha. Mwethya, yaani kijiji kizima kushika jembe pamoja kwa nyimbo, tulizaliwa tukaikuta.

Kabla ya kuchimba, ilibidi laini ipimwe. Tulitembea boma hadi boma, afisa mbele na kamba yake, diwani nyuma, mimi na daftari. Kila boma afisa aliuliza kuna nini njiani, nyumba, choo au kaburi, ili laini ipindwe. Kwa jirani yetu ilikutana na choo cha shimo.

"Hii choo bado ni mpya," jirani akalalamika. "Nimeimaliza juzi tu."

"Sawa mzee, tutapinda kidogo," afisa akasema, akasogeza vigingi hatua tatu.

Kisha tukaingia kwetu. Kwenye ramani nilikuwa nimeona laini inapita nyuma ya jikoni, kando ya minyaa. Nilitaka kitu kimoja tu, mtoto wangu aachwe alipo. Lakini si mimi niliyepaswa kusema. Mwenye boma alikuwa mama mkwe, na mke wa mwana hamtangulii mama mkwe kujibu wageni. Nikashika kalamu nikamsubiri.

"Mama, kwa hii boma kuna kaburi?" afisa akauliza.

"Aiee," akajibu bila kusita. "Hapa bado hatujazika mtu."

Hakuwa akidanganya. Familia ilikuwa imehamia hapa kutoka upande wa Kikima, na mume wake alizikwa huko. Katika hesabu yake, makaburi ya boma huanza na mtu mzima. Afisa akanigeukia.

"Mwalimu, andika hakuna."

Nikaandika. Makaburi: hakuna. Herufi zilikaa vizuri kwenye mstari, hata diwani akazisifu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema baadaye. Nafasi ilikuwepo. Kamati ilikaa mara nyingi, na kila mara nilisimama kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na ile "hakuna" yangu ilikuwa mle ndani. Kusema kungekuwa kumwita mama mkwe mwongo mbele ya kijiji. Mwanzoni nilimkasirikia, kisha hasira nayo ikachoka. Nilijisikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Tulichimba Septemba, ardhi ikiwa kavu. Kila kundi la boma kumi lilipimiwa kipande chake kwa kamba, na kipande cha nyuma ya jikoni kikawa chetu wenyewe. Wanawake walikuwa wameanza wimbo mama mkwe alipofika na jembe lake, akasimama kando ya minyaa.

"Hapa nachimba mimi," akasema.

"Huyu nyanya leo ataaibisha vijana!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Hakucheka. Alinitazama, akasema, "Wewe kalete maji."

Kisima kilikuwa mbali na mitungi ilikuwa bado ina maji. Nilikwenda. Nilitembea kama mtu aliyetumwa chumvi. Niliporudi shimo lilikuwa limemfika kiunoni. Alipokea mtungi, akanywa, akanawa mikono hadi viwikoni. Nilichungulia. Udongo mwekundu tu. Nikaelewa kwamba amemtoa, amemhamisha kabla sijarudi, na nikashukuru kimoyomoyo. Kisha nikaingia kwenye mtaro nikapokezana karai na wenzangu, na wimbo nikauitikia.

Kaunsil ilileta saruji kama ilivyoahidi. Mvua zilipokuja, maji yalifuata mtaro yakaenda zake. Wageni walikuja kutoka lokesheni nyingine kuutazama, nami nikawasomea ripoti. Binti yangu, niliyemzaa baadaye, alikunywa maji ya kisima kile miaka yote na hakuhara. Niliwaambia watu nimefurahi. Nadhani nilipaswa kufurahi.

Sikumwuliza mama mkwe alimpeleka wapi. Lakini kwenye pembe ya juu ya shamba palikuwa na kipande alichokuwa akipanda mbaazi peke yake, na hakutaka mtu mwingine apalime. Nikaamua ni pale. Kwa zaidi ya miaka kumi, nikitoka shuleni, nilipita pale nikasimama kidogo. Sikulia. Nilisimama tu, kisha nikaenda kupika.

Miaka ya tisini aliugua, nikawa namlisha uji kwa kijiko. Siku moja alasiri, tukiwa wawili tu, nikauliza.

"Mwaitu, mama, yule mtoto ulimzika wapi tena?"

Hakuniuliza mtoto gani. Alisukuma kijiko kando.

"Nilimtafuta," akasema. "Nilichimba kupita kina walichotuambia. Nilipekua udongo kwa mikono. Sikumpata."

"Na pale kwa mbaazi?"

"Pale ni mbaazi tu. Nilikuwa nakuona ukisimama, nikasema wacha asimame."

Uji ulikuwa umemtiririka kidevuni. Nikamfuta, nikajaza kijiko kingine, nikamwambia anywe kabla haujapoa.